Jinsi ya kupima jitihada za kusikiliza kwa kutumia mboni ya jicho

Kipimo cha kawaida cha usikivu humuuliza mtu swali moja tu: umesikia nini? Akirudia maneno yote sawasawa anapewa alama zote, na faili linafungwa. Lakini watu wawili wanaweza kupata alama zilezile, mmoja amesikiliza bila taabu yoyote na mwenzake amejikamua akili mpaka neno la mwisho. Huyu wa pili ndiye anayerudi nyumbani hoi baada ya siku ya mikutano. Ndiye anayeanza kukwepa mialiko, na anayesema "nasikia, ila nachoka" kisha akajibiwa kwamba vipimo vyake viko sawa. Alama zinahesabu alichopata. Haziulizi kimemgharimu nini.

Mboni ya jicho inaweza kutupa sehemu ya jibu hilo. Mtu anapokaza akili mboni hutanuka kidogo, bila yeye kujua wala kuweza kuizuia. Mwaka 1964 Eckhard Hess na James Polt walionyesha kwamba mboni za watu wanaozidisha namba kichwani hutanuka zaidi kadiri hesabu inavyokuwa ngumu. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu, moja kila sekunde. Mboni ilitanuka kidogo kidogo kila tarakimu ilipoongezeka, kisha ikanywea mshiriki alipokuwa akizitaja moja moja. Upande wa usikivu, Adriana Zekveld, Sophia Kramer na Joost Festen wa Amsterdam walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba sentensi zinazosikika kwa shida ndani ya kelele hutanua mboni kuliko zile zinazosikika vizuri. Tangu hapo maabara nyingi za usikivu zimeichukua njia hii.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au mtafiti anayetaka kuanza. Msimamo wangu nautaja mapema: ubora wa kipimo hiki huamuliwa kabla kamera haijawashwa. Mboni hutanuka kwa giza, kwa hofu, kwa mshtuko, kwa dawa, hata kwa kule kujiandaa kusema. Jitihada za kusikiliza ni sababu mojawapo tu, na nguvu yake ni ndogo. Kazi yako ni kuzituliza zile nyingine zote ili hii moja ionekane.

Kwanza, ukubwa wa kitu unachokitafuta

Mboni ya mtu mzima huwa na kipenyo cha takriban milimita 2 kwenye mwanga mkali na hufika karibu milimita 8 gizani. Kutanuka kunakotokana na kazi ya akili mara nyingi ni kati ya milimita 0.1 na 0.5. Kwa hiyo mwanga unaweza kuisogeza mboni mara kumi ya kile unachokitafuta wewe. Ukielewa hilo, masharti mengi yatakayofuata hayataonekana kwako kama ukali usio na sababu.

Kasi nayo ni ya kuzingatia. Mwanga ukiongezeka ghafla, mboni huanza kunywea ndani ya takriban robo ya sekunde. Jitihada huja polepole zaidi: kilele chake hutokea karibu sekunde moja baada ya jambo lililoisababisha. Katika sentensi ya sekunde mbili, kilele kwa kawaida huonekana sentensi ikiwa imeshakwisha. Anayekata rekodi yake pale sauti inapokoma hukosa kile hasa alichokuja kukitafuta.

Kinachoisogeza mboni ni misuli miwili. Mmoja umeizunguka na huibana, mwingine umetandazwa kama miali na huivuta nje. Akili ikishughulika, amri ya kubana hulegea na amri ya kuvuta huongezeka. Mabadiliko haya yanahusishwa na kiini kidogo cha rangi ya buluu kilichomo kwenye shina la ubongo, ambacho husambaza kemikali iitwayo noradrenalini na hushiriki katika kuuamsha mwili mzima. Ndiyo maana husemi kamwe kwamba mboni inapima jitihada moja kwa moja. Inapima mwamko. Mwamko huo unakuwa wa jitihada kwa sababu tu umepanga utafiti ambamo hakuna kingine kinachoweza kuusababisha.

Hatua ya 1: Tunga swali linalomlinganisha mtu na yeye mwenyewe

Swali zuri lina hali mbili au tatu ambazo mshiriki yuleyule atazipitia zote. Mfano: je, kifaa cha kusaidia kusikia kikiwa kimewashiwa kipunguza kelele, mtu anakaza akili kidogo kuliko kikiwa kimezimwa? Hapo kila mtu ni kipimo chake mwenyewe, na tofauti za umri, macho na hulka zinabaki pembeni.

Kulinganisha makundi, kwa mfano wazee na vijana, au wenye usikivu hafifu na wasio na shida, ni kugumu zaidi. Mboni hupungua ukubwa kadiri umri unavyosonga, na nafasi yake ya kutanuka hupungua pamoja nayo. Mzee akionyesha milimita 0.15 na kijana 0.30, huwezi kusema mzee hakujitahidi. Ukilazimika kulinganisha makundi, pima pia upana wa mwendo wa mboni ya kila mmoja: ukubwa wake kwenye mwanga mkali na ukubwa wake gizani. Kisha ueleze kutanuka kama sehemu ya mwendo huo.

Kiwango cha ugumu ndipo wengi wanapoteleza. Inaonekana kama jambo la wazi kwamba kelele ikizidi, mboni itazidi kutanuka. Si hivyo. Kelele ikiwa ndogo, kutanuka ni kidogo. Ikiongezeka mpaka mtu anapata takriban nusu ya sentensi, kutanuka kunafika juu. Ikizidi zaidi ya hapo, mpaka karibu haambulii kitu, mboni inarudi chini kwa sababu mtu amekata tamaa. Mchoro wake ni kilima. Hivyo mboni ndogo inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana kabisa, kwamba kazi ni rahisi au kwamba mtu ameshaacha kuhangaika, na mboni yenyewe haitakuambia ni ipi. Alama za majibu ndizo zitakazokuambia, kwa hiyo usizitupe.

Kwa utafiti wa kwanza, chagua hali mbili zilizo upande mmoja wa kilima hicho, kwa mfano pale mtu anapopata nusu ya sentensi na pale anapopata zaidi ya nne katika tano. Uwiano wa sauti na kelele utafute kwa kila mshiriki peke yake, kwa kupandisha na kushusha kelele kulingana na majibu yake. Uwiano mmoja wa desibeli kwa watu wote humfanya mmoja alale na mwingine akate tamaa.

Hatua ya 2: Tengeneza mwanga kabla ya jambo lingine lolote

Chumba kisiwe na dirisha linaloingiza mwanga wa nje. Wingu likipita juani, mboni inasogea. Tumia taa zisizocheza, zenye mwanga uleule asubuhi na jioni, na uupime kwa kipima mwanga pale jicho la mshiriki litakapokuwa. Andika namba hiyo kila siku.

Mwanga uwe wa kati. Gizani mboni imeshatanuka na imebakiwa na nafasi ndogo ya kuendelea. Kwenye mwanga mkali imebanwa sana, hasa ya mtu mzima aliyesogea umri. Maabara nyingi humrekebishia kila mshiriki mwanga wake mpaka mboni ikae katikati ya mwendo wake, na mimi naona huo ndio utaratibu wa haki kwa watu wa umri tofauti.

Kioo cha kompyuta nacho ni taa. Kiwe cha kijivu, si cheupe wala cheusi, na katikati yake kuwe na alama ndogo ya kujumlisha ya kukazia macho. Alama hiyo isibadilike rangi, isikue, isipotee wakati wote wa kusikiliza. Nimeona michoro mizuri ya mboni ambayo kumbe ilikuwa inaonyesha tu alama iliyogeuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe sentensi ilipoanza. Ukitaka kumpa mshiriki ishara ya kujibu, mpe kwa sauti.

Hatua ya 3: Iandae kamera

Kamera za kufuatilia jicho hutumia mwanga wa infraredi ambao mshiriki haoni. Usihangaike kutafuta ya kasi kubwa. Mboni husogea polepole, na kamera inayopiga picha 60 kwa sekunde inatosha kwa kazi hii. Kilicho muhimu zaidi ni kichwa kutotikisika. Kiegemeo cha kidevu husaidia, lakini mtu anayepaswa kurudia sentensi kwa sauti hutikisa kidevu kila anaposema, hivyo kiegemeo cha paji la uso au kiti chenye mgongo mrefu hufaa zaidi.

Macho yakienda pembeni, kamera huiona mboni kwa upande, duara likaonekana limebanwa, na kipimo kikashuka ilhali mboni haijabadilika hata kidogo. Hii ndiyo sababu ya pili ya kumtaka mshiriki aitazame alama ya katikati.

Baadhi ya kamera hutoa kipenyo kwa milimita, nyingine hutoa vipimo vyake yenyewe visivyoeleweka nje ya mashine. Ikiwa yako ni ya aina ya pili, chapisha duara jeusi la kipenyo unachokijua, tuseme milimita 4 na jingine la milimita 6, libandike pale jicho litakapokaa na ulipime. Ukishajua mashine inasomaje milimita 4, unaweza kuzigeuza namba zako zote. Umbali wa kamera ukibadilika, rudia.

Kisha fanya majaribio mawili ya kuihakiki mashine nzima kabla hujamwita mshiriki yeyote. La kwanza, badilisha kioo kutoka cheusi kwenda cheupe ghafla: mboni inapaswa kuanza kunywea baada ya takriban robo ya sekunde. Ikichelewa sana, au ikianza kabla ya kioo kubadilika, saa ya kamera na saa ya kompyuta haziendi pamoja, na hakuna takwimu itakayokuokoa baadaye. La pili, rudia ile kazi ya Kahneman na Beatty kwa wenzako wa maabara: tarakimu 3, kisha 5, kisha 7, kwa mwendo wa moja kwa sekunde. Ukiona mboni ikipanda ngazi kwa ngazi na kushuka wakati wa kuzitaja, mfumo wako unafanya kazi. Usipoiona, usiende kwenye sentensi na kelele, kwani huko tofauti ni ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Chagua sentensi na kelele

Sentensi zote ziwe na urefu unaokaribiana kwa sekunde. Mboni huendelea kupanda kadiri mtu anavyoendelea kupokea maneno na kuyashika akilini, hivyo sentensi ndefu ina kilele cha baadaye na pengine cha juu, hata kama haina ugumu wowote wa kusikika. Epuka maneno ya kushtua: damu, moto, kifo, matusi. Hisia hutanua mboni bila msaada wa kelele.

Amua mapema utakavyosahihisha majibu. Kwa Kiswahili jambo hili linahitaji fikra, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Mshiriki aliyesikia "walituita" akajibu "walikuita" amekosa kiungo kimoja au amekosa neno zima? Ukisahihisha kwa neno, alama zitashuka haraka. Ukisahihisha kwa viungo, zitapanda. Kanuni yoyote kati ya hizo inaweza kutetewa, ila iandike kabla ya mshiriki wa kwanza na usiiguse tena.

Aina ya kelele inabadilisha matokeo. Mvumo usiobadilika ni mwepesi kwa akili kuliko sauti ya mtu mwingine anayeongea. Kazi ya Thomas Koelewijn na wenzake ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba mzungumzaji mmoja wa kuingilia hutanua mboni kuliko mvumo, hata pale ambapo kiasi cha maneno yanayopatikana kimesawazishwa. Hii ni habari nzuri kwako, kwa kuwa ndipo kipimo hiki kinapoonyesha thamani yake: alama zinafanana, gharama haifanani.

Hatua ya 5: Panga sekunde za jaribio moja

Hapa nitakwenda taratibu, maana jaribio moja likieleweka, utafiti mzima ni kulirudia.

Sekunde ya 0, kelele inaanza. Mboni inaruka kidogo, kwa sababu sauti yoyote inayoanza ghafla humwamsha mtu. Usipime chochote bado. Ipe kelele sekunde tatu ili mruko huo utulie. Sekunde ya mwisho kabla ya sentensi, yaani kutoka ya 2 hadi ya 3, ndiyo utakayoitumia kama msingi, yaani ukubwa wa mboni wa kuanzia kulinganisha. Hapo mshiriki amekaa anasubiri, masikio yako wazi, mboni yake tuseme iko milimita 4.10.

Sekunde ya 3, sentensi inaanza. Kwa nusu sekunde hivi huoni kitu. Kisha mstari unaanza kupanda, 4.15, 4.21. Sekunde ya 5 sentensi inakwisha, lakini kelele inaendelea na mstari nao unaendelea kupanda, kwa sababu mtu bado anayapanga maneno aliyoyadaka na kubahatisha yaliyompita. Karibu na sekunde ya 6 unafika milimita 4.34, kisha unaanza kuteremka. Kutanuka kwake kwa jaribio hilo ni milimita 0.24.

Sekunde ya 8, kelele inakoma, na huko kukoma ndiko ishara ya kujibu. Kuanzia hapo mboni inapanda tena, safari hii kwa sababu ya kusema. Sehemu hiyo usiichanganye na uchambuzi wako. Zile sekunde tatu kati ya mwisho wa sentensi na jibu ndizo zinazotenganisha kusikiliza na kusema, kwa hiyo usizifupishe kwa kutaka kuokoa muda. Baada ya jibu, subiri sekunde nne mpaka sita ili mboni irudi chini kabla ya kelele nyingine. Haraka ya hapo huharibu msingi wa jaribio linalofuata.

Panga majaribio 20 mpaka 25 kwa kila hali, na matatu au manne ya mwanzo uyahesabu kuwa ya kuzoea. Mtu mpya kwenye kiti huwa na mwamko mwingi ambao hauhusiani na sentensi. Kadiri kipindi kinavyosonga mboni hushuka kwa uchovu na mazoea. Kwa hiyo hali ya kwanza isiwe ileile kwa watu wote, izungushe.

Hatua ya 6: Wapokee washiriki vizuri

Uliza kuhusu macho kwa makini uleule unaouliza kuhusu masikio. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwenye glakoma, anayetumia dawa za matone, mwenye kisukari kilichoathiri neva: hawa mboni zao zinaweza kutosogea kama kawaida. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni hubana mboni. Baadhi ya dawa za mzio na za msongo wa mawazo huitanua. Kahawa na sigara waombe waziache kwa saa chache kabla. Miwani huakisi infraredi, na kuiinamisha kidogo mara nyingi kunatatua. Wanja na maskara nyeusi huichanganya kamera, ikadhani kope ni sehemu ya mboni, kwa hiyo waambie siku moja kabla ili asije mtu akalazimika kunawa uso maabara.

Ridhaa ieleze wazi unachorekodi. Picha kamili ya jicho inaweza kumtambulisha mtu kwa mistari ya duara lake la rangi. Kama huihitaji video, hifadhi namba za kipenyo tu.

Maelekezo yawe yaleyale kwa kila mtu, na yasomwe kutoka kwenye karatasi. Ukimwambia mmoja "jitahidi sana" na mwingine "usijali ukikosa", umewapa motisha tofauti, na motisha huonekana kwenye mboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuahidi zawadi kubwa zaidi kuliongeza kutanuka kwa mboni bila kuongeza maneno yaliyopatikana. Mruhusu mshiriki kupepesa macho, lakini mwombe apepese zaidi baada ya kujibu. Ukimkataza kabisa, atatumia akili yake kujizuia, nawe utaipima jitihada hiyo badala ya ile uliyoitaka. Na mpe mapumziko kabla hajayaomba. Watu wenye usikivu hafifu wamezoea kuvumilia, hawatakuambia wamechoka.

Hatua ya 7: Safisha data

Tazama kwanza mistari ghafi kwa macho yako, mshiriki mmoja mmoja. Hakuna programu inayoweza kuchukua nafasi ya saa hiyo.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kupepesa. Kope likianza kushuka, kamera huona mboni iliyofunikwa nusu na kudhani imepungua. Mstari unatumbukia kwa kasi isiyowezekana kwa mboni halisi, data zinapotea kwa sehemu ya sekunde, kisha zinarudi kwa mpando wa ghafla vilevile. Kuondoa tu sehemu iliyopotea hakutoshi, maana kingo zake mbili ni za uongo. Kata pia kama milisekunde 50 mpaka 100 kabla na 100 mpaka 150 baada, ndipo uzibe pengo kwa mstari ulionyooka unaounganisha pande mbili. Halafu lainisha mstari mzima kwa wastani wa pointi jirani, kiasi cha kuondoa mtetemo bila kulisawazisha umbo.

Jaribio lililopoteza data nyingi litupe. Watafiti wengi huweka mpaka kati ya asilimia 15 na 25 ya muda wa jaribio. Chagua mpaka wako kabla ya kuona matokeo. Litupe pia jaribio ambalo sekunde ya msingi ina kupepesa kwingi, hata kama sehemu iliyobaki ni safi, kwa kuwa msingi ukiwa mbovu kila kitu kinachotolewa kutoka kwake kinakuwa kibovu.

Hatua ya 8: Toa msingi, kisha pata namba

Toa wastani wa msingi kutoka kila pointi ya jaribio hilohilo. Wapo wanaogawanya ili wapate asilimia. Mimi naona kutoa ni salama zaidi. Milimita 0.20 juu ya msingi wa 3 ni karibu asilimia 7. Juu ya msingi wa 5 ni asilimia 4. Mboni imesogea kiasi kilekile, lakini asilimia zinasimulia hadithi mbili. Na msingi ukiwa mdogo kwa bahati mbaya, kwa sababu ya nusu kope iliyopita bila kukatwa, asilimia inaruka juu bila sababu.

Namba tatu hutumika zaidi: kilele, wastani wa kutanuka katika dirisha la muda ulilolichagua mapema, na muda uliopita mpaka kilele kufika. Kilele kitafute kwenye mstari wa wastani wa kila hali kwa kila mshiriki, usikitafute kwenye jaribio mojamoja. Na kuwa mwangalifu na jambo moja ambalo hupita kimyakimya. Mstari uliopatikana kwa majaribio machache hutetemeka zaidi, na kilele cha mstari unaotetemeka huwa juu kuliko haki yake. Ikiwa hali ngumu imekubakizia majaribio 12 na hali rahisi 22, sehemu ya tofauti unayoiona imetengenezwa na hesabu yenyewe. Wastani wa dirisha hauna upendeleo huo, kwa hiyo weka namba zote mbili mezani.

Kwa takwimu, modeli zinazomtambua kila mshiriki na kila sentensi kama vyanzo vya tofauti zinafaa kuliko kulinganisha wastani mbili tupu. Ingiza pia namba ya mpangilio wa jaribio, ili ule mteremko wa kipindi usihesabiwe kama athari ya kelele. Nawe tenganisha majaribio yaliyojibiwa sawa na yaliyokosewa, uone kama hadithi ni ileile.

Msingi wenyewe usiutupe baada ya kuutoa. Ukiwa juu katika kundi la majaribio magumu, huenda mshiriki alikuwa ameshajikaza kabla sentensi haijaanza.

Hatua ya 9: Soma matokeo kwa uadilifu

Weka kutanuka kwa mboni kando ya alama za majibu na useme unachokiona kwa zote mbili. Alama sawa na mboni tofauti: hapo una ushahidi mzuri wa tofauti ya gharama. Alama zimeshuka na mboni imepungua: fikiria kukata tamaa kabla ya kutangaza kwamba mambo yamekuwa rahisi.

Waulize washiriki pia, baada ya kila kundi la majaribio, walijikaza kiasi gani na walikata tamaa mara ngapi. Majibu yao mara nyingi hayafuatani na mboni. Hilo halimaanishi kwamba wanadanganya, wala kwamba kamera imekosea. Watu huhukumu jitihada zao kwa kuangalia walivyofaulu, ilhali mboni hufuata mwamko wa sekunde ileile. Ripoti vyote viwili, hata vinapogombana.

Kwa wenye usikivu hafifu, jihadhari zaidi. Katika utafiti wa Amsterdam wa mwaka 2011, sauti ilipofanywa rahisi kusikika, mboni za wenye upungufu wa usikivu hazikupata nafuu kubwa kama za wenzao. Na mwaka 2018 watafiti wa jiji hilohilo walionyesha kwamba watu wenye uchovu mwingi wa maisha ya kila siku huwa na kutanuka kidogo zaidi wakati wa kipimo. Anayeisoma mboni ndogo ya mtu aliyechoka kama dalili kwamba hahitaji msaada atamwongezea mzigo yule ambaye kipimo hiki kilikusudiwa kumtetea. Kwa sababu hiyo nashauri kipimo hiki kibaki chombo cha kulinganisha hali na vifaa katika utafiti. Mboni ya mtu mmoja, iliyopimwa siku moja, isitumike kumwamulia kama anastahili kifaa au mapumziko kazini.

Hatua ya 10: Andika kila kitu ambacho mwingine atahitaji ili arudie

Taja mwanga kwa laksi, yaani kizio cha kupimia mwanga, na mahali ulipoupimia, rangi ya kioo, kasi ya kamera, muda wa kelele kabla na baada ya sentensi, dirisha la msingi, mpaka wa kutupa majaribio, majaribio mangapi yalitupwa katika kila hali, na washiriki wangapi waliondolewa na kwa nini. Onyesha mchoro wa mstari mzima wa muda, pamoja na upana wa mashaka yake. Kilele peke yake hakitoshi. Hifadhi data ghafi kabla ya kuzisafisha, zikiwa na alama za muda wa kila tukio, kwenye faili ambalo mtu asiyekuwepo maabara anaweza kulifungua na kujua sentensi ilianza wapi.